Kamba Iliyolowa na Umbali wa Nyota

Tinde, Septemba 1997

Milembe mwanangu,

Mama yako ananicheka. Amepita mlangoni mara mbili kuniuliza kama naandika barua au naandika katiba ya nchi, maana nimekaa na kalamu hii tangu alasiri na karatasi ilikuwa na jina lako tu. Wewe uko kwa shangazi yako unaaga, nami naitumia nafasi hiyo kama mwizi. Ungekuwepo nisingeandika. Ningekuita, ungekaa, ningekohoa, halafu ningekuuliza kama ndama amekunywa maji. Ndivyo mdomo wangu ulivyo, ukifika kwenye jambo kubwa hukata kona. Leo nimeuacha upumzike, nimeutuma mkono.

Salamu sikuandikii, tumeamkiana asubuhi. Habari za chandarua, za kushona fedha ndani ya pindo la gauni, za kutonunua chakula cha kila kituo treni inaposimama, mama yako amekwisha kuzisema, na nyingine amezisema mara nne. Mimi nina jambo moja, na ni langu kabla ya kuwa lako. Miaka minane iliyopita nilipima vibaya, na kipimo changu kikamvua mtu riziki yake na jina lake. Baadaye nikajua kuwa nilikosea, nikanyamaza. Wewe umo ndani ya jambo hili bila kujua, na kesho unaondoka. Wiki iliyopita niliutua mzigo huo, na tangu siku hiyo nalala hadi mama yako anasema nakoroma kama mashine ya kukoboa. Lakini nisipokuambia wewe, nitakuwa nimetua nusu.

Aliyenifanya niutue ni wewe, na ule mpira wa baiskeli.

Unakumbuka ile siku tulipokuwa tunamenya karanga uani. Nilikuwa nakuchokoza. Nikakuuliza, hivi kweli chuo kikuu kitakulisha na kukulaza ukapime nyota, na utazipima kwa kamba gani? Hukukasirika. Uliendelea kumenya, ukaniuliza wewe:

"Baba, kule machimboni ukiona karabai inawaka kwenye shimo la mbali, ulikuwa unajuaje iko mbali kiasi gani?"

"Kwa mwanga wake. Karabai zetu zote zilitoka duka moja. Ukiiona hafifu, ujue iko mbali."

"Basi ndivyo wanavyofanya. Kuna nyota ambazo nguvu ya mwanga wake inajulikana. Zikionekana hafifu, wanakokotoa ziko mbali kiasi gani."

"Na kama mwenye karabai hakuipampu vizuri? Au kama kuna vumbi katikati?"

Ulicheka mpaka karanga zikamwagika. "Baba, hicho ndicho wanachogombania!"

Ukanieleza kwamba nyota za karibu hupimwa kwa njia moja, na hizo ndizo husaidia kupima za mbali kidogo, na za mbali kidogo husaidia kupima za mbali kabisa, kama mtu anayepanda ngazi. Kipandio cha chini kikiwa na kombo, kombo hilo hupanda naye hadi juu. Ukasema wakubwa wa elimu hiyo, wenye vioo vya kutazamia vyenye bei kubwa kuliko wilaya yetu, wamekuwa wakibishana kuhusu kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, na jibu la kundi moja lilikaribia kuwa maradufu ya jibu la jingine. Nilifurahi kuliko inavyostahili. Nilitaka hata kukimbia nikamwambie mtu.

Ndipo ukachukua ule mpira mkuukuu wa baiskeli yangu, ukakata kipande kirefu, ukakichora alama za chaki, zote kwa nafasi sawa. Ukanipa ncha moja, ukashika nyingine, tukavuta. Alama zikaachana. Ukasema kila alama inaziona nyingine zinaikimbia, iliyo mbali inakimbia zaidi, na hakuna hata moja iliyo katikati. Hilo nililielewa. Lakini mimi nina jicho la mtu wa vipimo, nikaona alama mbili hazijaachana kama nyingine.

"Hapa hapajavutika," nikasema.

"Hapo pana kiraka, baba. Nilikuwa naelekea huko." Macho yako yaling'aa, ng'wanawane, mwanangu wee, nikakuona kama nilivyokuona siku uliyoanza kutembea. "Ulimwengu nao si sawasawa. Kuna mahali nyota zimesongamana makundi kwa makundi, zinavutana, zinakataa kuachana. Na kuna mahali patupu, hapo nafasi hutanuka zaidi. Sasa mchukulie chawa aliyezaliwa hapa, mpira ulipo mwembamba na kuvutika zaidi. Akipima majirani zake tu, atasema mpira wote unavutika hivi. Hajadanganya. Amepima vizuri. Ila amepima pale alipo."

Hapo ndipo nilipoachia mpira ukakuchapa vidole. Ulidhani ni utani, ukaniita mzee mkorofi. Nikasema naenda kuangalia ng'ombe. Sikuangalia ng'ombe yeyote. Nilisimama nyuma ya zizi nimeshika mti wa boma, kwa sababu ulikuwa umenieleza, bila kujua, kosa langu lote tangu mwanzo hadi mwisho.

Na jioni, wakati wa kula, nikakuuliza kama mtu asiye na habari: "Watu hao wa nyota, wakigundua walikosea, hufanyaje?" Ukanijibu huku unatafuna: "Wanaandika, baba. Hata kabla ya kugundua. Kila kipimo huandikwa na shaka yake pembeni, kwamba tumepata hivi, lakini huenda tumezidisha au tumepunguza kiasi hiki. Ukileta kipimo kitupu hawakupokei." Mama yako akasema huo ni ustaarabu mzuri hata kwa watu wa ndoa. Mimi sikucheka.

Sasa nikurudishe nyuma. Ulikuwa darasa la saba. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi Shinyanga mjini, ambako kwa miaka kumi na moja niliwashikia wapima ardhi mnyororo wao wa chuma. Mnyororo ulikuwa wa serikali, ukabaki. Nikaondoka na ujuzi peke yake. Nikanunua kamba ya katani, nikaifunga mafundo ishirini, fundo kila meta, nikaenda kwenye dhahabu upande wa Geita. Sikwenda kuchimba, mgongo wangu haukuumbwa kwa hilo. Nilikwenda kupima.

Kule shimo huitwa duara. Duara hushuka wima kama kisima, kisha hugeuka na kufuata mwamba wenye dhahabu huko chini, na mwamba haujui mpaka wa mtu. Juu kuna vigingi, chini kuna giza. Kwa hiyo kila wiki watu waligombana, wewe umeingia kwangu, mimi sijaingia kwako. Hapo niliitwa mimi. Walinibatiza Kamba. Desturi ilikuwa kwamba anayelalamikiwa ndiye ashike ncha ya kamba kule mwisho wa shimo, ili kesho asiseme tulivuta kwa hila. Kipimo cha chini kikizidi cha juu, umevuka mpaka. Unatoka siku hiyohiyo na blanketi lako, na duara linabaki kwa mwenye kiwanja ulichokiingilia. Hakuna rufaa. "Kamba haina ndugu," walisema, nami nilipenda mno kuusikia msemo huo. Kuna sifa zinazolevya kuliko gongo, na hii ilikuwa mojawapo.

Alikuwepo mchimbaji mmoja aitwaye Sospeta, Mzinza wa Chato, aliyeziacha nyavu za ziwani akaja kujaribu bahati nchi kavu. Alinizidi umri kidogo. Mtaratibu, hanywi, jioni anawaandikia barua wenzake wasiojua kuandika. Mwenye kiwanja cha jirani, Bwana Masanja, alidai kwamba Sospeta amevuka mpaka huko chini na kuingia kwake. Nikaitwa.

Ilikuwa masika. Asubuhi, jua likiwa limetoka kidogo, nilipima juu kutoka mdomo wa duara hadi kwenye kigingi cha mpaka. Kamba ilikuwa kavu, nikapata meta hamsini na saba. Halafu tukashuka. Chini maji yalikuwa ya magoti. Njia yenyewe ilikuwa imelala sawa, haipandi wala haishuki, lakini ilikuwa nyembamba, na tulichelewa sana, kamba inaburuzwa majini, inakwama, tunairudisha. Sospeta akaishika ncha kwa mikono yake miwili kule mwisho, kama desturi ilivyotaka. Nikapata hamsini na tisa.

Tulipotoka juu, nikasema mbele ya watu wote: "Amevuka kwa meta mbili."

Sospeta hakupiga kelele. Aliniambia, "Kamba, mimi kila siku nikiingia nahesabu hatua zangu. Sijafika huko."

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Hatua za mtu hubadilika. Kamba haibadiliki."

Watu wakacheka, wakaona nimesema neno la busara. Jua lilipotua Sospeta alikuwa amekwisha kuondoka. Nyuma yake wakamwita Mvuka Mpaka, na jina hilo likamfikia kwao kabla yake. Mwezi haukuisha, Masanja akakuta dhahabu palepale alipoishia Sospeta. Kwa furaha akanipa mfuko mmoja wa mawe kama ahsante ya mpimaji. Nikausagisha, nikauosha. Sijawahi kuona mfuko wa mawe uliotoa kama ule.

Mwaka ule jina lako halikuwemo kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Unakumbuka ulivyolia siku tatu, halafu nikarudi kutoka machimboni na kusema kuna shule ya kulipia, utakwenda. Ulinirukia shingoni. Mfuko ule ndio uliokupeleka.

Bado sikuwa na kosa la kunikosesha usingizi. Nilikuwa nimepima vizuri pale nilipo, kama chawa wako. Kosa lenyewe lilikuja miaka miwili baadaye, dukani kwa Bwana Rajabali, yule Mhindi wa vifaa hapa Tinde. Nilikwenda kununua kamba ya kufungia ng'ombe. Mvua ilikuwa imevuja usiku na bunda lote la katani lilikuwa limelowa. Nikamwambia anipimie meta kumi.

"Leo sikupimii, Baba Milembe," akasema. "Imelowa."

"Kamba ni kamba."

"Kwako wewe. Hii ikilowa inajikaza, inakuwa fupi. Nikupimie kumi leo, ikikauka kwako nyumbani utakuwa na kumi na nusu, mimi nitakula nini? Njoo Jumatatu."

Nilicheka naye. Nikaaga. Nilipofika barabarani kicheko kikakauka. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani, nikaitoa kamba yangu ya mafundo ishirini, nikaitandaza uani, nikapiga vigingi viwili kwenye ncha zake. Kisha nikaitia kwenye ndoo ya maji, nikamwambia mama yako naua wadudu. Kesho yake nikaivuta kati ya vile vigingi. Haikufika. Ilipungua meta nzima.

Kokotoa wewe mwenye elimu. Mimi nilikokotoa kwa kijiti mchangani. Meta zangu hamsini na tisa za kule majini zilikuwa hamsini na sita tu. Sospeta hakuvuka. Alikuwa amebakiza meta moja. Hatua zake alizozihesabu zilikuwa za kweli, na kamba niliyoisifu ndiyo iliyobadilika, chini ikawa kamba nyingine na juu nyingine, nami nikazilinganisha kama kitu kimoja. Miaka kumi na moja nimeshika mnyororo wa serikali, na jambo ambalo muuza duka analijua kwa sababu ya tumbo lake, mimi sikulijua kwa sababu ya kiburi changu.

Hapo ningepaswa kwenda. Nisikilize vizuri Milembe, maana hapa ndipo ninapokusudia unijue. Sikwenda. Nilijiambia Sospeta sijui aliko. Uongo, nilisikia yuko Buseresere. Nilijiambia meta moja ni nini katika dunia hii. Nilijiambia Masanja hataweza kurudisha kilichokwisha kuliwa. Na la mwisho, ambalo nililishika kwa nguvu zaidi, nilijiambia kwamba ukweli ukitoka, watu watakuja kudai, na Milembe atatolewa shule. Mzazi akitaka kufanya ubaya bila kujiona mbaya, humtanguliza mtoto mbele yake. Nilikutanguliza wewe miaka sita. Ulikuwa unarudi likizo na vitabu vyako, nami nakutazama, nafurahi na naungua.

Na ulipotaka kuchukua fizikia baada ya kidato cha nne, nikapinga. Nilisema uende uuguzi, nikasema nyota hazina mshahara, ukanuna wiki mbili. Sasa nakuambia, haikuwa mshahara. Niliogopa kuwa na mtu anayejua kupima ndani ya nyumba yangu. Nashukuru hukunisikiliza. Ni mara chache mzazi hushukuru kwa hilo, kwa hiyo litunze.

Basi wiki iliyopita, nilipowaambia naenda Kahama kuangalia ng'ombe wa kununua, Kahama nilifika, ila nilipitiliza. Nikapanda lori hadi Geita, nikalala hapo, kesho yake nikapata gari la Buseresere. Njia nzima nilikuwa naomba mambo mawili yanayopingana, kwamba nimkute hai, na kwamba nisimkute. Nilimkuta. Anauza dagaa wa Chato sokoni, ana meza kubwa na mzani. Amezeeka, lakini mgongo bado umenyooka.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Akainua macho. Hakuhitaji kuuliza. "Kamba."

"Ndiye mimi."

"Kaa. Umekula?"

"Nikila kabla ya kusema, sitasema."

Nikamwambia yote. Juu kavu, chini majini, duka la Rajabali, ndoo, vigingi. Aliendelea kuchambua dagaa wakati nasema, anatupa makapi upande huu na wazima upande ule. Nilipomaliza akaniuliza:

"Kwa hiyo nilikuwa nimebakiza?"

"Meta moja." Nikakumbuka maneno yako ya mezani. "Huenda nakosea kwa nusu meta hivi, huku au kule. Lakini hukuvuka. Hilo nina hakika nalo."

Akaacha kuchambua. "Mke wangu alifariki mwaka juzi," akasema. "Alikufa akiamini nilivuka. Hakunichukia, Kamba. Alinisamehe. Kila nikimwambia sikuvuka, ananiambia yameisha baba, nimeshakusamehe. Unajua inavyouma kusamehewa kosa ambalo hukulifanya?"

Akaokota dagaa mmoja aliyeanguka, akamrudisha mezani.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

Hilo ndilo swali nililolisafiria. "Miaka sita."

Alisimama. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari, nilikuwa hata nimevua kofia. Badala yake akaita kwa sauti kuelekea nyuma ya soko, wakaja vijana wake wawili, watu wazima sasa, mikono imejaa magamba. Akawaambia, "Huyu ndiye Kamba mnayemsikia. Mwacheni aseme." Kisha akaniambia, "Rudia. Kwa sauti."

Nikarudia. Wauzaji wa meza za jirani wakasogea. Nilipofika mwisho, yule kijana mkubwa akasema, "Mzee, samahani. Hebu rudia ile sehemu ya kubakiza." Nikairudia. Akaniomba tena. Nikasema kwa mara ya tatu, mbele ya akina mama wa dagaa na wapita njia, kwamba Sospeta wa Chato hakuvuka mpaka wa mtu, kamba yangu ndiyo iliyolowa, na mimi ndiye niliyenyamaza. Yule kijana akageuka pembeni akajifuta uso kwa mkono uliojaa magamba.

Nilitegemea ardhi ipasuke. Mwanangu, nilisikia njaa. Njaa ya kweli, ya mtu aliyetoka kulima. Nilikuwa nimesahau ladha ya chakula kisichokuwa na kitu nyuma yake. Wakaniletea ugali na sato, nikala mbele yao bila aibu, hata mfupa nikaumung'unya. Sospeta akanitazama akasema, "Kumbe ulikuwa unafunga."

Sikuambii haya ili ujifunze kusema ukweli, ukweli unausema kuliko mimi. Nakuambia kwa sababu utakaa na watu wenye akili nyingi, na siku moja watakusifu kwamba kipimo chako hakina ndugu. Siku hiyo umtafute mtu anayehesabu kwa hatua zake, umuulize yeye amepata ngapi. Mimi niliambiwa bure na nikafanya mzaha.

Lilikuwa limebaki la mfuko wa mawe. Ningeweza kuondoka nalo, hakuna aliyeniuliza. Tayari nilikuwa nimesimama kutafuta gari. Nikakaa tena, nikamwambia kwamba Masanja alinipa mawe kutoka duara lile, na mawe yale yakamsomesha mtoto wangu.

Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole.

"Mtoto gani?"

"Binti. Milembe. Wiki ijayo anakwenda Dar, chuo kikuu."

"Kusoma nini?"

"Kupima nyota ziko mbali kiasi gani, na ulimwengu unatanuka kwa kasi gani."

Milembe, mzee yule alicheka hadi akashika mzani usianguke. "Mtoto wa Kamba! Kupima!" Akawaita tena vijana wake wasikie. Nilicheka nami, sikujizuia. Kisha kicheko kikamwisha taratibu, akaniangalia usoni.

"Basi kumbe nina mtoto chuo kikuu," akasema, "na hakuna aliyenipa taarifa. Treni yake ni lini?"

Nikamwambia siku. Nikamwambia pia kwamba wewe hujui lolote. Akasema, "Umwambie au usimwambie, mimi nitakuwepo. Mtoto hasafiri bila kuagwa na aliyemsomesha."

Yuko Shinyanga tangu jana, amenitumia salamu kwamba amelala nyumba ya wageni karibu na stesheni. Ndiyo maana barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, siyo ndani yake, uisome kabla hatujafika stesheni.

Huenda ukinisoma utanikasirikia. Hasira yako ni halali, nitaipokea, na ikichukua miaka nitaisubiri, nina uzoefu wa kusubiri vibaya na sasa nijaribu kusubiri vizuri. Ninachokiogopa ni kimoja. Nakujua, una moyo wa mama yako. Usije ukasema sitaki elimu iliyotokana na haki ya mtu, ukashusha sanduku. Ukibaki hapa, Sospeta atakuwa amenyang'anywa mara mbili, na mara hii mnyang'anyi atakuwa wewe. Panda treni.

Kesho pale stesheni utamwona mzee mrefu, amevaa koti la kijivu lililompwaya. Mimi nitasimama nyuma kidogo na mama yako. Nenda kwake kwanza, umwamkie. Akikuuliza unakwenda kusoma nini, usimfupishie kwa kuwa ni muuza dagaa. Mwambie habari za mwanga hafifu, na za ngazi, na za mahali patupu na mahali palipojaa. Mweleze yote mpaka treni ipige honi. Ada ni yake, na hajawahi kusikia hata somo moja.

Baba yako,
anayelala vizuri sasa.